Kilema cha Sarafu na Kovu Lake

Hapa bwenini yameenea maneno kwamba sarafu yenye kasoro huuzwa kwa fedha nyingi sana mjini. Basi kila Jumamosi wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza hunijia na sarafu zilizopinda na zilizokwaruzwa, wakiuliza kama wametajirika. Nimeona afadhali niwaandikie wote mara moja, nipate kulala mchana.

Sarafu huzaliwa hivi. Kipande cha madini kisicho na picha yo yote huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma, mmoja chini na mmoja juu, na mashine hukibana kwa pigo moja. Pande zote mbili hupata picha wakati ule ule. Kasoro iliyotokea hapo ni kilema cha kuzaliwa. Iliyotokea baadaye, mfukoni, barabarani au motoni, ni kovu tu.

Kipande kikikaa kombo chini ya mhuri, picha hukatika ukingoni, na upande wa pili hukatika mahali pale pale, pakabaki patupu palipo laini. Lakini sarafu iliyokanyagwa na lori picha yake hupondeka, na iliyochorwa kwa msumari huwa na mfuo unaopita juu ya herufi, kingo zake zimeinuka. Wengi pia huniletea shilingi 100 iliyogeuka kijivu. Hiyo ni chuma kilichovikwa shaba ya manjano. Ngozi imechubuka, basi.

Likizo iliyopita nilitoka Kibondo kwenda kwa bibi yangu, Kasulu. Bibi ana hela ya Kijerumani aliyorithi kwa wazee wake, ya hela 20, ya mwaka 1916, yenye herufi T. Hiyo T ni Tabora. Wakati wa vita meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, fedha haikuja kutoka Ulaya, ndipo Wajerumani wakapiga sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli, mpaka Wabelgiji walipouteka mji ule Septemba 1916. Neno letu “hela” lilitokana na fedha za Wajerumani hao.

Bibi alitaka kuiuza anunue bati la jiko. Mchuuzi mmoja alimwambia imeharibika, akamtolea shilingi 2,000. Jirani naye akamwambia ni mamilioni. Niliigeuza juani. Taji limesogea ukingoni, na upande wa pili maandishi yamesogea vile vile: hicho ni kilema cha kuzaliwa. Lakini ina tundu la uzi, nalo limekata herufi na kuacha ukingo mkali: hilo ni kovu, pengine ilivaliwa na mtoto shingoni.

Nikamweleza kwamba sarafu za Tabora zilipigwa kwa haraka, na zilizokaa kombo si chache, kwa hiyo mamilioni hakuna. Tena tundu limeishusha bei. Hata hivyo asiitoe kwa bei ya mchuuzi yule kabla haijaonwa na mtu mwingine anayezijua.

“Kwa hiyo wamenidanganya wote wawili?”

“Wote wawili, bibi.”

Alikuwa amekwisha weka tayari majivu na ndimu ili aisugue ing’ae. Nikamwomba asifanye hivyo, maana kuisugua ni kuitia kovu jingine. Akaifunga katika pindo la kitenge chake, akasema bati litangoja maharage yavunwe.