Tezi Dume Yangu

Ripoti ya maabara ilikuwa na kurasa mbili na niliisoma kwenye matatu, Thika Road, nikiwa nimebanwa dirishani. Kwenye ukurasa wa pili kulikuwa na mstari mmoja ambao nikiuleta kwa Kiswahili unasema hivi: tishu ya tezi dume, mahali pasipo pake. Sehemu ya mwili iliyotajwa ni mlango wa uzazi. Jina la mgonjwa ni langu. Umri 31, jinsia ya kike.

Nikausoma tena, nikidhani nimeruka neno.

Wacha nieleze kilichonipeleka huko, maana nikisimulia kisa hiki watu hurukia tezi na kusahau mengine. Hapa Kenya wanawake wa miaka 25 hadi 49 wanashauriwa kupimwa mlango wa uzazi hata kama hawaumwi popote. Mimi sikuumwa popote. Nilipimwa siku ya afya pale kazini, majibu yakaja kwamba kuna seli zimebadilika, na si mabadiliko ya kupuuzwa. Mara nyingi sana chanzo chake ni kirusi cha HPV, ambacho watu wengi waliowahi kufanya mapenzi hukipata wakati fulani maishani, na wengi mwili hukifukuza wenyewe bila wao kujua. Kwa wengine kinakaa, na kikikaa miaka mingi kinaweza kuleta saratani.

Daktari akanipaka siki, ile ile tunayotia kwenye kachumbari, akatazama kwa darubini yake. Pale palipobadilika pakageuka peupe. Akanichoma sindano ya ganzi, kisha akakata kipande chembamba kwa waya wa umeme. Nesi alinishika mkono akiniita "mama", jinsi wanavyomwita kila mwanamke. Kulikuwa na harufu ya kuungua ambayo sitaki kuieleza zaidi. Kipande kikatiwa kwenye chupa, kikapelekwa maabara, na mimi nikaenda nyumbani kungoja wiki tatu.

Wiki tatu hizo nililala na neno moja tu, saratani. Kwa hivyo elewa kwamba ripoti ilipokuja, habari njema ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza: seli mbaya zimeonekana, zimekatwa zote, kingo ni safi, saratani hakuna. Lakini sikuishangilia, kwa sababu ya ule mstari wa ukurasa wa pili.

Nilimpigia mama, Mtwapa. Akasema, "Mwanangu, wamechanganya chupa. Hiyo ni ya mzee fulani." Nikamwambia daktari amehakikisha. Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia nisimwambie mtu.

Yeye mwenyewe alimwambia mamangu mdogo kabla jua halijatua.

Mamangu mdogo hana breki. Akapiga simu: "Dume? Dume ndani yako wewe?" Watu wa mchumba wangu walikuwa waje nyumbani Desemba, mahari ilishazungumzwa, na sasa alitaka tusogeze tarehe "mpaka tujue uko sawa." Hakusema sawa kivipi. Hakuhitaji. Sote tumekulia mahali ambapo kuna watu husemwa kwa sauti ya chini, hajulikani ni huyu au yule, na tunajua maisha yao huwa vipi. Usiku huo nilisimama mbele ya kioo cha bafuni nikijikagua kidevu. Nina nywele mbili pale, nimekuwa nazo tangu kidato cha tatu. Kabla ya siku hiyo hazikuwahi kumaanisha chochote.

Daktari wangu alikuwa mwanamke wa rika langu, na alipoona sura yangu alivuta karatasi akaanza kuchora. Nimeiweka hadi leo.

Alichora kijusi. Akasema mwanzoni sote huwa na vifaa vilevile. Kuna kijifuko kimoja ambacho baadaye hutoa kibofu na njia ya mkojo, kwa mvulana na kwa msichana. Kwenye wiki ya kumi hivi, kwa mvulana, homoni hufanya vichipukizi vitokee kando ya njia ile, vikue, viwe tezi dume. Kwa msichana vichipukizi hivyo havipotei. Hubaki vidogo, viwili hivi vya kuonekana, kando ya tundu la mkojo. Vinaitwa tezi za Skene, kwa jina la daktari Alexander Skene aliyezieleza mwaka 1880. Lakini Mholanzi Reinier de Graaf alikuwa ameziandika tangu 1672, na yeye alizifananisha waziwazi na tezi ya wanaume. Zaidi ya miaka mia tatu imepita, na mimi, mwenye digrii, nilikuwa sijawahi kusikia.

"Kwa hivyo kila mwanamke anayo?" nikauliza.

"Kila mwanamke ana ndugu yake," akasema. "Yako wewe imekaa chumba cha pili."

Namna hasa inavyofika kwenye mlango wa uzazi, wanasayansi bado wanavutana. Wengine wanasema ni chipukizi la Skene lililopotea njia mwili ukiwa bado unajengwa. Wengine wanasema seli za pale pale hugeuka zikavaa sura nyingine, na homoni zinaweza kuchangia. Kwa wanaume nako hutokea: tishu ya tezi dume imekutwa ndani ya kibofu, kwenye njia ya mkojo, hata karibu na utumbo mkubwa. Mwanamume huyo anaweza kukojoa damu, akajiandaa kwa mabaya yote, kumbe ni kipande cha tezi salama kilichoota pasipo pake.

Maabara huitambua kwa rangi. Wanaitia kipande dawa inayoshika protini iitwayo PSA, ile ile wazee wanayopimwa kwenye damu, na tezi zikiwa ni zenyewe hugeuka kahawia. Nilidhani hapo ndipo uanaume wangu ulipothibitishwa. Daktari akacheka. PSA, akasema, imepatikana hata kwenye maziwa ya mama anayenyonyesha.

Basi nikaanza kulishuku lile neno. Jina la kitaalamu la tezi hii limetokana na neno la Kigiriki linalomaanisha "anayesimama mbele", kwa kuwa imekaa mlangoni pa kibofu. Ni anwani tu. Sisi tukaiita tezi dume, na hapo tukaifungia mlango. Wapo Wakenya wanaosema tezi kibofu, na laiti ripoti yangu ingesomwa hivyo kwa simu, mamangu mdogo angeuliza tu kama inauma.

Kwa nyanya kulikuwa na mpapai dume uani. Kila mtu Pwani anaujua: unatoa maua yanayoning'inia, hauzai, mwisho unakatwa. Lakini ule wa nyanya mwaka mwingine ulikuwa ukizaa vipapai virefu vyembamba kwenye mikia ya maua. Nyanya hakuita mkutano. Alivichuma akavipika vikiwa vibichi, kwa nazi.

Mchumba wangu nilimwambia Jumapili, tukiwa jikoni. Nilitandika maneno yote, na mchoro wa daktari. Akautazama muda mrefu, kisha akauliza kama tutapata watoto. Sikukasirika, lilikuwa swali langu pia. Nikampa jibu nililopewa: tezi haizuii kitu, tena imeshatoka na kile kipande. Kule kukatwa ndiko huongeza kidogo uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati, kwa hivyo nikishika mimba niwaambie kliniki mapema.

Akatikisa kichwa. Halafu akasema, "Baba yake imevimba. Anaamka mara nne usiku." Alimaanisha baba yake yeye, ulimi ulikuwa umemteleza. "Sasa mtakuwa na la kuongea." Tukacheka hadi chai ikafurika jikoni.

Walikuja Desemba, tarehe ile ile.

Kitu ambacho sijaacha kukifikiria ni jinsi woga wetu ulivyokosa shabaha. Ukoo mzima ulikesha kwa ajili ya tishu adimu isiyo na madhara, na hakuna aliyeniuliza habari za ukurasa wa kwanza. Zile seli ndizo zingeniua. Saratani ya mlango wa uzazi ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi zaidi nchini, na ni ya kawaida kiasi kwamba haitushtui. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa kwa wasichana wa miaka 10 mwaka 2019. Bado narudi kupimwa, na mara ya mwisho majibu yalikuwa safi.

Mwezi uliopita mamangu mdogo alipiga simu, usiku, akinong'ona kama aliye na watu chumbani. Alitaka jina la kliniki. Ana miaka 47 na hajawahi kupimwa hata mara moja.

"Na wakilipata dume?" akauliza.

"Wakilipata, mama, nipigie mimi kwanza."