Nililaumu Kiandutu, Kumbe ni Filta Yangu

Wasee, kabla hujamlaumu HR kwa kutokujibu, hebu kagua filta za imeili yako. Sitanii.

Mwaka jana nilikuwa nasaka atachimenti. Nilituma maombi Thika mjini, nikatuma Ruiru, kimya. Kila jioni niko nje ya ploti na bando ya bob ishirini, navuta skrini chini kama mtu anateka maji. Nikajiambia ni ile stori ya kawaida, ukiandika unatoka Kiandutu CV inawekwa kando. Nikamwambia mathe hivyo, na akaamini.

Siku moja simu ikalia, namba ngeni. Mama mmoja mpole: "Kijana, mbona hukuja? Si tulikutumia imeili?" Intavyuu ilikuwa imepita siku nne.

Kumbe shida ni mimi. Kitambo matapeli walikuwa wananisumbua na zile "hongera, tuma 500 ya usajili". Nikaenda saiba, nikaunda filta kwa Gmail: imeili yoyote yenye neno "shortlisted" ifutwe. Kisha nikasahau. Sasa niambie, mwajiri wa ukweli atakuitaje intavyuu bila kutumia hilo neno? Filta ilifanya tu kile niliiagiza. Simu haikulia, hakuna alama, imeili ilienda pipa la taka moja kwa moja. Na huko Gmail huiweka siku 30 tu, halafu imeenda kabisa. Hiyo moja niliipata. Kama kulikuwa na zingine miezi ya nyuma, sitawahi kujua.

Kinachoniudhi ni kwamba app ya Gmail kwa simu haikuonyeshi filta zako. Na wengi wetu huku hatuna laptop. Itabidi ufungue Gmail kwa brauza, uchague muonekano wa kompyuta, uingie mipangilio, utafute filta kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa. Ama ulipe saiba. Mimi nililipa saiba.

Nilikuta sita. Moja niliandika "HELB or bursary" nikidhani nimeweka mambo sawa, kumbe Gmail inataka OR ya herufi kubwa. Miaka yote hiyo ilikuwa imekaa tu hapo kama mapambo. Nikafuta tano. Ile ya "shortlisted" nikaigeuza: isifute kitu, iweke nyota, na isipeleke kwa spamu. Matapeli wataingia, sawa, nitawasoma na kuwafuta kwa mkono wangu. Mtu anayetafuta kazi hana biashara na filta ya kufuta, na hapo sibishani na mtu.

Yule mama nilimwambia ukweli. Alicheka sana, akasema nafasi ishachukuliwa, nijaribu tena Septemba.

Mathe bado sijamwambia. Jana tu nilimsikia akimweleza jirani vile hao watu hawapendi vijana wa Kiandutu.