Alama Mbili

Mwezi uliopita nilikaa katika kamati ya kupandisha vyeo. Mbele yetu palikuwa na jalada la mhadhiri kijana wa uhandisi wa programu: makala tatu kwa miaka sita. Swali likawa zimenukuliwa mara ngapi. Hakuna aliyeuliza zinasema nini, kwa kuwa hakuna aliyezisoma. Nami sikuwa nimezisoma.

Nilimkumbuka David Parnas. Mwaka 1972 alichapisha makala ya kurasa sita kuhusu namna ya kuigawa programu: kila sehemu ifiche ndani yake uamuzi unaoweza kubadilika kesho, ili badiliko moja lisiivuruge kazi yote. Makala hiyo imenukuliwa mara maelfu, na wapo wengi wanaoifuata bila kulijua jina lake. Mtu huyo angeweza kuringia hesabu. Badala yake, mwaka 2007 aliandika kuzipinga: kuwapima watafiti kwa idadi ya makala, alisema, huzaa utafiti wa juujuu, marudio na tafiti ndogo zisizo na uzito. (Marudio nayafahamu, wazo langu moja limewahi kuvaa vichwa vitatu.) Aliwataka wanaopima kazi za wenzao wazisome kwanza.

Ndugu wasomaji, kikaoni sikuyasema hayo. Jioni ilikuwa imeingia na majalada mengine yalikuwa yakingoja. Tukajumlisha, zikapungua alama mbili. Nikatia sahihi.

Makala zile tatu nimezisoma wiki hii. Ya pili natamani ningeiandika mimi.