Mtungi wa Tatu

Chini ya tangi la maji la ploti yetu hapa Rhonda ndipo mamangu hukaangia mandazi. Kuna kivuli, na mvua ikinyesha halowi. Stendi aliijenga anko wangu: nguzo nne, juu yake mbao mbili za inchi 4 kwa 2, halafu vipande vya kulalia, halafu tangi la lita 1,000. Lita moja ya maji ni kilo moja. Hilo nilijua tangu shule ya msingi, ila sikuwahi kulifikiria nikiwa nimeketi pale nakula.

Mwaka wangu wa pili chuoni kikundi chetu kiliamua kuvunja mbao. Tulikuwa saba, sote tunasomea ujenzi, na fundi mmoja wa vitanda alituachia karakana yake Jumamosi mchana, bora tufagie. Mashine hatukuwa nayo. Tulikuwa na meza mbili, kamba na mitungi ya lita 20. Rhonda mitungi haikosekani, maji ndiyo hukosekana.

Tulitenganisha meza mita moja na nusu, tukalaza kipande cha saipresi cha inchi 2 kwa 1 kutoka meza hii hadi ile, tukaning'iniza mitungi katikati, mmoja mmoja, kila mtu akiwa ameficha vidole vya miguu. Kwa mitungi miwili mbao ilipinda sentimita sita hivi. Wa tatu ulipopanda, paaa! Maji yakatulowesha hadi magotini.

Kipande cha pili kilitoka kwenye mbao ile ile. Tofauti ni kwamba tulikisimamisha, ule upande mwembamba ukatazama juu. Mitungi miwili: sentimita moja na nusu. Kikabeba mitano. Kilivunjika kwa wa sita.

Tulinyamaza, kisha mmoja wetu akasema, "Manze, si ni mbao moja?"

Ni mbao moja. Ikibeba mzigo, juu inabanwa na chini inavutwa, na umbali kati ya juu na chini ndio nguvu yenyewe. Galileo aliliandika hili katika kitabu kilichochapwa 1638, akiwa mzee aliyefungiwa nyumbani kwake: mbao iliyosimama huishinda iliyolala kwa kadiri upana unavyozidi unene. Mbili kwa moja. Sita kwa tatu. Kipande cha tatu tulikisimamisha pia, lakini kilikuwa na fundo upande wa chini, panapovutwa. Hicho hakikufika hata mtungi wa nne.

Nilirudi nyumbani nikainama chini ya tangi. Mbao zote mbili zilikuwa zimelazwa, na katikati zimebonyea kama kamba ya kuanikia nguo.

Kumwambia anko ilikuwa shida nyingine. Ndiye aliyenilipia karo ya muhula wa kwanza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Imesimama miaka minne. Wewe umesoma miwili." Nilitaka kumwambia kwamba mbao huchoka, kwamba mzigo wa miaka si sawa na mzigo wa dakika tano. Nikasema tu, "Sawa, anko."

Mama alikuwa akisikia. Hakuingilia. Asubuhi alihamisha jiko lake mita tatu, juani, na wateja walipomuuliza akawajibu, "Huko nimeambiwa hapako sawa." Anko hupita hapo kila siku akienda steji.

Jumamosi iliyofuata alikuja karakana na kipande chake cha mkabela kwapani, akatuambia tukilaze. Alining'iniza mitungi mwenyewe. Kilibeba mitatu, akanitazama. Wa nne ukakivunja. Akaokota nusu moja, akapitisha kidole gumba kwenye nyuzi zilizochanika.

"Na ikisimama, si itaanguka ubavu?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote tuliyojiuliza sisi saba. Ndiyo, inaweza. Ndiyo maana mafundi huilaza, hutulia. Ukiisimamisha lazima uweke vipande vya kuizuia kati ya mbao na mbao.

Usiku huo tulifungua mfereji wa tangi. Wapangaji walikuja na ndoo, mabeseni, sufuria, hata birika, na mama hakumtoza mtu shilingi. Tangi lilipobaki tupu tuliliteremsha watu wanne, na anko akapanda na nyundo, tochi mdomoni, akaanza kung'oa misumari yake.