Macheo ya Vitshumbi: Kupiga Picha na Kuikata

Siku hizi kila mwenye simu apiga picha za macheo, na karibu zote zafanana. Jua katikati, maji chini, mbingu juu, basi. Mtu akikuonyesha picha ya namna hiyo huwezi kujua kama ni ya Mombasa au ya Kalemie, wala kama ilipigwa asubuhi au jioni. Sisi twaipenda sana kazi ya picha, nasi twataka kueleza kidogo jinsi tunavyoifanya huku kwetu Rutshuru. Hasa twataka kusema habari ya kukata picha, maana katika kukata ndimo yalimo mashaka makubwa.

Kwanza mahali. Bahari yetu sisi Wakongo ni kipande kifupi tu, huko Banana na Muanda, tena iko magharibi. Mtu akisimama ufukoni kule akitazama maji, jua la asubuhi lamchoma mgongoni. Atakaye kuliona likitoka baharini, imempasa aende Bagamoyo au Lamu. Lakini tumepewa maziwa. Mtu wa Uvira au wa Baraka aliona jua likitokea ng'ambo ya Tanganyika kila siku bila kulipa nauli. Goma nayo ina ziwa Kivu, ila Goma yatazama kusini, na jua lake latokea juu ya milima ya upande wa Rwanda. Sisi wa Rutshuru tuna ziwa Edward, na pwani yake ya kusini iko Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kilicho ndani ya mbuga ya Virunga, ile iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert.

Sasa labda utasema, ndugu msomaji, "Kama ziwa liko kaskazini ya Vitshumbi, jua litatokaje majini?" Umeuliza vema. Jua halitoki mahali pamoja mwaka mzima. Mwezi wa Juni hutokea kaskazini kidogo ya mashariki, na mwezi wa Desemba kusini yake. Toka mwisho mmoja hata wa pili ni kama digrii 47. Basi mtu wa Vitshumbi akingoja Desemba ataliona jua likitokea nchi kavu, nyuma ya majani na miti. Akija Juni, jua limesogea kushoto, na maji yamekuwa chini yake. Tena Juni kwetu ni kiangazi, watu huchoma majani, na moshi ule ukikaa hewani huligeuza jua kuwa jekundu kama kaa la moto, nawe waweza kulitazama kidogo bila kuumia macho. Ndiyo sababu tulikwenda mwezi wa Juni, mwaka 2021.

Tena yafaa kuwahi. Vitshumbi haifiki hata digrii moja kutoka mstari wa ikweta, na huku jua hupanda wima, halipandi mshazari kama huko Ulaya. Tangu ukingo wake wa kwanza uonekane hata liwe zima juu ya maji, ni dakika mbili na kidogo. Rangi nzuri huja kabla ya hapo, kama dakika 20 tu, halafu kumekucha. Mwenye kuja saa kumi na mbili akianza kutafuta pa kusimama, huyo amekuja kutazama, hakuja kupiga picha. Sisi tulitangulia jioni tukauliza wavuvi. Walituonyesha mahali pa kukaa, wakatuonyesha na mahali pa kutokaa, kwa sababu viboko hula majani usiku, na alfajiri hurudi majini kwa njia zao wenyewe. Picha haina thamani ya kukutana na kiboko njiani.

Asubuhi ile tulipata hivi. Wavuvi walikuwa wanarudi, maana nyavu hutegwa jioni na kuvuliwa usiku. Ufukoni walikuwapo akina mama wenye mabeseni, wakingojea samaki, na marabu, wale ndege wenye upara, wakingojea matumbo ya samaki. Mtumbwi mmoja ulikuwa umebakiza kama mita 20 kufika, na mvuvi amesimama ndani yake na kafi mkononi. Sisi tulichuchumaa, tukaishika simu kimo cha magoti.

Jambo hili la kuchuchumaa latakiwa kuelezwa, kwa kuwa wengi hawalijui. Ukipiga picha ukiwa umesimama, mstari wa maji na mbingu hupita usawa wa macho yako, na kwa hiyo hupita usawa wa vichwa vya watu wengine pia. Mtu aliye mbele yako atakatwa shingo na mstari ule, mwili wake utazama katika weusi wa maji, usione kitu. Ukishuka, mstari nao washuka. Simu ikiwa kimo cha magoti, mstari hupita magotini pa mtu, na mwili wake wote uliobaki wasimama katika mwanga wa mbingu. Basi yule mvuvi akawa mweusi kama mkaa, lakini wazi kabisa, kafi, mkono, bega, hata kofia.

Tulimwacha aingie upande wa kushoto, akielekea kulia, ili awe na maji mbele yake ya kwenda. Mstari wa maji tuliuweka sawa, maana ziwa likilala upande lataka kumwagika, na tuliuweka chini, theluthi moja ya picha, kwa kuwa asubuhi ile uzuri ulikuwa juu. Jua lilikaa kulia kidogo ya katikati. Ukingoni kulia akaingia mama mmoja, ametupa mgongo, na beseni lake chini karibu na miguu. Huyu hatukumpanga, alikuja mwenyewe. Mwanga tuliupima angani, si kwa watu, maana simu ikipima watu, mbingu yote huwa nyeupe kama karatasi, na jua lapotea. Hayo ndiyo tuliyofanya, nayo yalichukua muda mfupi kuliko kuyasoma.

Kukata je?

Miezi michache baadaye chama kimoja cha vijana kilitaka picha ya kalenda, nasi tukawapa nakala. Walikuwa na kijana fundi wa kompyuta, mwenye mikono myepesi kweli. Aliikata mbele yetu. Kushoto alimwondoa mvuvi na mtumbwi, kulia akamwondoa mama na beseni, chini akaondoa matope na ndege. Likabaki jua, na njia yake ya dhahabu majini. Tulimwuliza, "Sasa hapa ni wapi?" Akacheka, akasema, "Mwalimu, ni pazuri tu." Na kweli palikuwa pazuri. Lakini Vitshumbi haikuwamo tena. Wote walioitundika kalenda ile ukutani waliuliza ni bahari gani.

Hatusemi kukata ni dhambi. Kila picha imekwisha kukatwa mara moja siku ilipopigwa, maana macho yaona pande zote na simu huchukua dirisha moja tu. Iko picha ya Che Guevara ambayo hata asiyejua kusoma huijua, kwa kuwa ameiona katika fulana. Aliipiga Alberto Korda huko Havana tarehe 5 Machi 1960, katika ibada ya kuwaaga waliokufa meli La Coubre ilipolipuka. Katika picha nzima, upande mmoja yuko mtu mwingine aonekanaye ubavu, na upande wa pili majani ya mnazi. Wote wawili, mtu na mnazi, wakakatwa, ukabaki uso peke yake usio na mahali wala siku. Labda ndiyo sababu uliweza kwenda kila mahali. Mwenye uso ule alifika mwenyewe huku mashariki ya Kongo mwaka 1965, upande wa Fizi, akaitwa Tatu kwa Kiswahili. Sisi tukiiona picha ile humfikiri yule wa ubavuni. Yeye naye alisimama pale siku ile.

Kanuni yetu ni hii moja: twakata nakala, hatukati picha mama. Picha mama hukaa nzima katika kadi, na kadi hukaa katika kopo lenye mchele mkavu, maana unyevu wa huku ni adui. Vijana walituona wagumu kwa jambo hili. Nasi hatukujua bado lingemfaa nani.

Mwishoni mwa Oktoba 2022 wapiganaji wa M23 waliingia Rutshuru na Kiwanja, na Machi 2024 vita vikafika Vitshumbi. Watu walikimbia na walichoshika mkononi. Mwaka ule akaja kwetu mama mmoja aliyehamia Kiwanja kwa shangazi yake, ana watoto watatu, mdogo amembeba mgongoni.

"Mwalimu," akasema, "nimesikia unayo picha ya baba wa watoto."

Mumewe alikufa ziwani mwaka 2023, upepo ulipoupindua mtumbwi usiku. Picha zake zote zilibaki nyumbani siku walipokimbia. Tukamwambia, "Ipo, Mama, ila uso hauonekani vizuri. Alikuwa mbele ya jua." Tukamfungulia.

Aliitazama kwa muda. Kisha akasema, "Ni yeye. Husimama hivyo, bega moja chini." Halafu akaweka kidole ukingoni kulia. "Na huyu mwenye beseni ni mimi."

Hilo hatukulijua.

Tukamweleza hesabu, kwa sababu si haki kumwahidi mtu kisichowezekana. Picha ya simu yetu ina nukta 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo, yaani milioni 12. Ukiikata nusu kwa upana na nusu kwa kimo, wabaki na robo, milioni 3, nazo zatosha bado kwa karatasi ya sentimeta 10 kwa 15. Lakini mvuvi yule alikuwa na kimo cha nukta 300 tu. Jua lenyewe, ambalo sote huliona kubwa mno, halikupata zaidi ya nukta 30 hivi. Kwa simu jua ni punje ya haragwe. Ukimkata mtu huyu ukamkuza ajaze karatasi, utapata ukungu mweusi, si mtu. Tukamshauri achukue nusu ya kushoto, yenye mvuvi, mtumbwi, maji na kipande cha jua. Hiyo ndiyo iliyokuwa bora kwa macho yetu, na hata leo twaona hivyo.

Akasema, "Haya maji yaondoe."

"Mama, bila maji na mtumbwi, atakayeiona hatajua kuwa alikuwa mvuvi."

"Mimi najua. Yaondoe."

Tukayaondoa. Iliwezekana kwa sababu ya kule kuchuchumaa: toka magotini kwenda juu hakuna tone la maji nyuma yake, ni mbingu tupu. Tukakata juu ya mstari, tukakata kulia kabla ya jua, zikabaki nukta 300 kwa 400. Ni sehemu moja katika mia ya picha yote, yenye kutosha karatasi ndogo kama ile ya kadi ya utambulisho. Tukatia mwanga kidogo upande wa shavu, likaonekana. Tulipoongeza tena zikaja chembechembe kama mchanga, tukarudi nyuma. Basi picha ya macheo tuliyoihangaikia toka jioni haikuwa na jua wala ziwa. Alikuwamo mtu na anga la rangi ya machungwa. Twakiri ilitupa shida mkono kuikata hivyo. Lakini tungemfundisha nini mjane huyu juu ya maji yale?

Alipofika mlangoni akageuka. "Mwalimu, huyu mdogo umpe yote. Alikuwa mchanga, hakumjua baba yake. Akikua ataniuliza alisimama wapi."

Hapo pakawa na kazi ya pili, ndogo lakini yenye hatari zake. Picha ya simu ina kipimo cha 4 kwa 3, na karatasi ya duka ni 3 kwa 2. Havilingani. Ukiipeleka hivihivi, mashine huijaza karatasi na kula sehemu moja ya tisa ya kimo, nusu yake juu na nusu chini, bila kukuuliza. Juu si neno, ni mbingu. Chini kabisa ndipo lilipokaa beseni. Tulikwenda wenyewe dukani, tukamwomba fundi asijaze karatasi, aache ukingo mweupe kushoto na kulia, kama sentimeta moja isiyofika kila upande. Alisema wateja hawapendi ukingo mweupe, wadhani mashine imeharibika. Tukamwambia mteja wa picha hii ana miaka miwili, hatalalamika. Akaitoa nzima, na beseni ndani.