Shikilia, Usiachie

Kazi hii nilijifunzia Kariakoo, kwenye kibaraza cha duka moja la Mtaa wa Aggrey, miaka ile watu walipokuwa wakivaa simu shingoni kwa kamba ili zionekane. Aliyenipokea alikuwa fundi wa redio aliyehamia kwenye simu baada ya wateja wa redio kupungua. Wasichana kwenye meza za ufundi tulikuwa wa kuhesabu, na wateja walinipita wakiuliza, "Fundi yuko wapi?" Yeye aliwajibu, "Ni huyo uliyempita." Hakunipa pasi ya kuchomea mapema. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupokea simu, kumuuliza mwenyewe ubovu ulianzaje, na kusikiliza jibu mpaka mwisho, hata kama jibu lilipitia kwanza kwa mume, kwa watoto na kwenye daladala.

Nimeishi kwa mafunzo hayo. Simu nyingi mno zilizofika mezani kwetu hazikuwa mbovu, zilikuwa zimeganda tu: kioo kinawaka, picha ipo, lakini ukibonyeza popote hakuna kinachoitika. Fundi asiyesikiliza huchukua bisibisi mara moja. Anayesikiliza anagundua kwamba saa moja iliyopita simu ilikuwa nzima, haikuanguka, haikuingia maji, na iliganda mwenye simu akiwa anafungua kitu fulani.

Wakati ule tiba ilikuwa mgongoni mwa simu. Nokia 1100, ile ya tochi iliyotoka mwaka 2003, ikigoma ulifungua kava, ukachomoa betri, ukasubiri kidogo, ukairudisha. Betri yake ilikuwa BL-5C, na hiyohiyo ndiyo iliyokaa kwenye Nokia N70, simu ya vijana wenye fedha, kwa hiyo bibi wa Mbagala na kijana wa Masaki wangeweza kuazimana betri bila shida. Hiyo N70 ndiyo iliyonifundisha kuganda ni nini hasa. Kitochi kilikuwa na kazi chache na kiliganda mara chache. N70 ilikuwa kompyuta ndogo. Vijana walirushiana kwa bluetooth nyimbo, michezo na virusi, na simu ikaletwa ikiwa imekwama kwenye ile picha ya Nokia ya mikono miwili inayotaka kushikana.

Wateja walihofia kuchomolewa betri. "Mwanangu, namba zangu hazitafutika?" Nilijibu swali hilo mara nyingi hata nikalazimika kulielewa kwa undani, nisije nikawa nampoza mtu kwa maneno matupu. Simu ina sehemu mbili za kuweka mambo. Moja ni ya shughuli ya sasa hivi, tunaiita ramu. Humo programu huandika na kufuta kwa kasi, na umeme ukikatika kila kilichomo kinapotea. Nyingine ni hifadhi, ambako picha, majina na ujumbe hukaa hata simu ikilala bila chaji mwaka mzima. Simu ikiganda, mara nyingi programu moja imeingia kwenye mzunguko usio na mwisho, au mbili zinasubiriana, kila moja ikitaka kilichoshikwa na mwenzake, au ramu imejaa na mfumo umekosa nafasi ya kufanya kazi. Ukikata umeme, vurugu hilo lote linaondoka. Kilichokwisha kuandikwa kwenye hifadhi kinabaki, na simu ikiamka inasoma programu zake upya kutoka humo. Kinachoweza kupotea ni ule ujumbe uliokuwa ukiuandika na hujautuma.

M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, hofu ikabadilika sura. Sasa mtu alikuja mbio, jasho linamtiririka, simu imeganda katikati ya kutuma fedha ya ada, naye haruhusu mtu kuizima, kwa kuamini kwamba fedha imekwama ndani ya kile kifaa. Nilijifunza kumketisha kwanza. Fedha haikai kwenye simu. Hesabu yake iko kwenye kompyuta za mtandao, na simu yako kazi yake ni kupeleka maagizo. Agizo lilifika au halikufika, na kuzima simu hakubadilishi lolote. Kosa linaloumiza watu ni kuwasha simu na kutuma tena papo hapo bila kuangalia salio, na nimewaona waliolipa ada mara mbili kwa haraka hiyo. Nilikuwa nikiwaambia: zima, washa, angalia salio, ndipo uamue.

Halafu zipo simu zisizotibika kwa kuwasha upya. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizifungia simu bandia, na asubuhi yake foleni kwetu ilifika barabarani. Karibu wote walisema simu zimeganda. Wamezima, wamewasha, wamechomoa betri, wamechomoa laini, bado hakuna mtandao. Nilibonyeza *#06# ili namba ya utambulisho itokee, tukaihakiki, nikalazimika kumwambia mama aliyeuza mbuzi ili anunue simu kwamba simu yake nzima haitapiga tena. Simu hizo bandia nilikuwa nazifahamu kwa ugonjwa mwingine pia. Juu ya boksi zimeandikwa hifadhi kubwa, na hata kwenye mipangilio namba hiyo inaonekana, kumbe chipu iliyomo ni ndogo mara nyingi kuliko hiyo. Siku picha zinapofika ukingoni mwa chipu halisi, mafaili yanaharibika na simu inaanza kugandaganda, na mwenye simu anajilaumu kwamba ametumia vibaya. Jambo hilo linanikera mpaka leo. Mtu anaibiwa halafu anaachiwa na lawama.

Kufikia hapo kava za kufunguka zilikuwa zinatoweka. iPhone ilikuwa na betri ya kufungiwa ndani tangu ya kwanza ya mwaka 2007, na Samsung walipotoa Galaxy S6 mwaka 2015 nao wakaifungia betri ndani. Miaka michache baadaye hata Tecno na Infinix za bei ya kawaida zikafuata. Watu walionunua simu hizo hawakuambiwa kitu: kava haifunguki, betri haichomoki, na kioo kikigoma hata neno la kuzima hulioni pa kuligusa. Ndipo mitaani likaingia tabaka la mafundi wanaotoza fedha kwa kubonyeza batani.

Na batani yenyewe ina akili kuliko watu wanavyoidhania. Waya wake unafika kwenye chipu inayogawa umeme, tunayoiita aisii ya pawa, na chipu hiyo inahesabu muda wake yenyewe. Ikiona batani imeshikiliwa kupita kiasi kilichowekwa, inakata umeme wa prosesa na kuurudisha, bila kuisubiri programu iliyoganda itoe ruhusa. Kwa hiyo kioo kikiwa kimekufa ganzi kabisa, njia hiyo bado iko wazi. Shida ya wengi ni kuachia mapema. Wanabonyeza sekunde mbili tatu, hawaoni kitu, wanaachia, wanarudia, na kila wakirudia chipu inaanza kuhesabu upya. Samsung nyingi zinataka batani ya pawa na ya kupunguza sauti kwa pamoja, zaidi ya sekunde saba. Simu nyingine nyingi za Android hutii batani ya pawa peke yake ukivumilia sekunde kumi, wakati mwingine hadi thelathini. iPhone zimebadilika njiani: mpaka 6s ilikuwa batani ya duara ya mbele pamoja na ya pawa, kwenye 7, ya mwaka 2016, ile ya duara haikuwa tena batani ya kubonyea kweli, kazi ikahamia kwenye ya kupunguza sauti, kuanzia 8 unabonyeza ya kuongeza sauti na kuachia, ya kupunguza na kuachia, kisha unashikilia ya pembeni mpaka tufaha litokee. Hapo katikati kioo kinazimika na watu wanaachia kwa furaha. Usiachie.

Nilipoanza kuwafundisha wateja hayo bure, majirani zangu wa meza walikasirika. "Dada, unatuharibia soko." Niliwasikiliza, kwa sababu kodi ya meza Kariakoo si mchezo na wao wana watoto kama mimi. Lakini sikuacha. Kazi ya ufundi ipo: kubadilisha kioo, sistimu chaji, batani iliyozama, kupuliza bodi iliyoota kutu. Hiyo natoza na sioni haya. Kumtoza mtu elfu kumi kwa kushikilia batani nyuma ya meza ili asione, hapana.

Kabla hata ya kushikilia, nina desturi ya kuipigia simu iliyoganda. Ikiita na ikalia, mfumo uko hai na kilichokufa ni tachi. Ukiiwasha upya mara mia tachi haitafufuka. Ikiwa haina laini naichomeka kwenye chaji nione kama itatikisika au alama ya chaji itatokea. Isipoitika kwa lolote naiacha kwenye chaji nusu saa, kwa maana simu iliyokauka betri kabisa hufanana sana na iliyoganda. Iliyotoka majini siiwashi hata mwenyewe akilia. Iliyo moto kama chungu naipa kivuli ipoe. Na iliyo katikati ya kusasisha mfumo wake siigusi. Ukikata umeme wakati mfumo unajiandika, unaweza kubaki na simu isiyojua hata kuamka, hasa za zamani. Ikinilazimu kufungua, naifunga kwenye pawa saplai na kusoma namba za umeme: simu inayoamka vizuri inapandisha na kushusha matumizi yake, iliyokwama inabaki na namba ileile.

Kuna neno linaloniogopesha kuliko simu iliyokufa, nalo ni "tuiflashi tu." Mama mmoja muuza vitenge aliniletea simu iliyokuwa inawaka, inafika kwenye ukurasa wa mwanzo, inaganda. Huko alikotoka walishamwambia dawa ni kufuta kila kitu. Nikamuuliza kilichomo. Alikuwa ameandika humo wadeni wake wote, tangu Buguruni mpaka Kigamboni, na picha za kila doti iliyochukuliwa kwa mkopo. Hakuwa na daftari. Yule aliyetaka kuifuta hakuwa amemuuliza, na kwa dakika chache za kazi angemfungia mama wa watu biashara yake.

Nilishikilia batani ikazimika, nikaiwasha kwenye hali salama, ambako simu huamka na programu zake za kiwandani peke yake. Haikuganda. Kwa hiyo bodi ilikuwa nzima na tatizo lilikuwa kwenye vitu alivyoongeza. Hifadhi ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, video za makundi ya harusi na za mahubiri zilizokuwa zikijipakua zenyewe, pamoja na programu moja ya kudai inasafisha simu. Tuliiondoa hiyo, tukafuta video akiwa ameketi pembeni yangu, moja baada ya nyingine, akiamua mwenyewe. Kisha tukahamishia orodha ya wadeni na zile picha kwenye memori kadi. Simu ilipowashwa kawaida ilikimbia.

Wanawake wengi huniletea simu kwa sababu hiyo ya kuketi pembeni. Simu iliyoganda haiwezi kufungwa namba ya siri wala kufutwa picha kabla ya kukabidhiwa kwa mgeni. Unaitoa ilivyo, na maisha yako yote yamo. Nimewahi kupokea simu kutoka kwa msichana aliyekuwa akitetemeka, akaniuliza kama ni lazima aiache. Nikamwambia si lazima. Nilimwonyesha batani mbili, akashikilia mwenyewe, sikuigusa simu. Ikawaka mikononi mwake.

Siku hizi naona kuganda kwa aina nyingine kukiongezeka: simu zilizotumika miaka mingi, ambazo chipu zake za hifadhi zimechoka kuandikwa na kufutwa. Hizo ukiziwasha upya zinafanya kazi wiki, halafu siku, halafu saa. Kila zikiamka ni nafasi ya kuhamisha vitu, na wenyewe wanaona zimepona.

Juzi alinipigia baba mmoja kutoka Lindi kwa simu ya jirani. Samsung yake ya zamani imekufa kioo mkononi na ndani yake mna picha za shamba anazozihitaji kwenye baraza la ardhi. Nikamwuliza kama ikipigiwa inalia. Hailii. Moto? Hapana. "Basi baba, shika ya pawa na ya kupunguza sauti kwa pamoja. Shikilia, usiachie." Nikamsikia akihesabu kwa sauti, na jirani akihesabu naye. Walipofika tisa wakapiga kelele wote wawili, ikawa inatetemeka. Akauliza anitumie shilingi ngapi. Nikamwuliza ni mara ya ngapi kuganda mwezi huu, akasema hakumbuki, ni karibu kila siku. Nikamwambia asinitumie kitu, achukue fedha hiyohiyo aende stesheneri leo, kabla haijaganda tena, akazitoe zile picha kwenye karatasi, nakala mbili.