Mtoto na Bunduki



Jina la Rambo si geni katika nchi zetu. Tangu miaka ya 1980 lilivuma katika vibanda vya video, hata wasiopata kuiona picha yenyewe hulitaja wamwonapo mtu mwenye ubavu. Nami nilikuwa miongoni mwa hao, mpaka nilipowazuru jamaa zangu huko Bulwa, katika milima ya Usambara, ambako mashamba ya chai yamepakana na msitu, na ukungu ukishuka jioni watu hufunga milango mapema. Huko, baada ya sala ya isha, ndipo nilipoitazama kwa mara ya kwanza picha ya tatu ya Rambo, iliyotolewa mwaka 1988. Tulikuwa wengi: bibi yetu mwenye nyumba, wanawe na wajukuu.

Kisa chake ni chepesi. Rambo aishi Thailand kwa utulivu. Mara yamfikia habari kwamba Kanali Trautman, aliyekuwa mkubwa wake jeshini, ametekwa na Warusi katika Afghanistan. Basi aenda kumwokoa, na mujahidina wampokea.

Sitaficha kwamba tulicheka sana. Bwana huyu huliunguza jeraha lake kwa baruti, kisha akaendelea na safari kana kwamba amejikuna tu. Huangusha helikopta kwa mshale. Risasi za maadui humkosa, na zake aghalabu hazipotei. Lakini palikuwa na la kupendeza pia, kwani mtu kumfuata sahibu yake mahali pa hatari, asimwache, ni sifa ambayo dini yetu huiheshimu. Na vijana walipowaona Waislamu wa Afghanistan juu ya farasi, wakiitetea nchi yao, walishangilia kama walioona ndugu zao.

Humo mna mtoto aitwaye Hamid, abebaye bunduki na kumfuata Rambo vitani. Mpwa wangu, mwenye umri wa miaka 12, akasema, "Mjomba, natamani ningekuwa yeye."

Bibi, aliyekuwa kimya muda wote, akamgeukia. "Na ukifa huko, mjukuu wangu, mama yako atapewa habari na nani?"

Mama mwenyewe alikuwa ameketi pale pale. Hakuna aliyecheka tena.

Swali hilo lilinifanya niyatazame mambo nje ya picha. Majeshi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan Desemba 1979, yakamaliza kuondoka Februari 1989, miezi michache tu baada ya picha hiyo kutoka. Mwisho wake yameandikwa maneno ya kuwatunuku watu wa nchi ile kwa ushujaa wao. Walakini amani haikuwafikia. Walipigana wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 2001 Marekani, nchi ile ile iliyoitoa picha, iliingia kwa majeshi yake, yakakaa mpaka Agosti 2021. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 mwaka 1988, kama aliruzukiwa uhai, alikuwa mtu wa miaka 45 siku hiyo, na nchi yake haikuwa imepumzika. Vita ambavyo pichani huisha kwa muda usiotimia saa mbili, kwake vilikuwa umri mzima.

Sisemi kwamba watoto wafungiwe wasione kitu. Wakikatazwa nyumbani watakwenda kutazama mahali pengine, na huko hapana bibi wa kuwauliza. Wala kucheka si dhambi. La kuhofiwa ni mtoto kuzoea kuona watu wakianguka kama majani ya mahindi, asijue kwamba dini yake imeikweza roho ya mtu mmoja hata ikaipa thamani ya wanadamu wote.

Basi yafaa mzazi aketi pamoja na wanawe, acheke wanapocheka, kisha awaulize: huyu aliyeanguka ni mtoto wa nani? Kuuliza hivyo hakugharimu kitu, na mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo hataona wepesi kushika silaha.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, na wa Afghanistan, na wa kila nchi yenye vita. Amin.